Nguo Zisizonuka Moshi

Waliniletea jioni mafurushi mawili,
kwa kuwa mimi ndimi dobi wa mfereji wa magharibi
na mkono wangu, wasema, hauachi doa.

La kwanza: majoho matatu, suruali, vilemba,
mali ya wale Wayahudi wa baraza.
"Fua," akasema karani, "mfalme atayataka kesho."
Nikayainua puani kama nifanyavyo siku zote,
maana pua ya dobi husoma kabla ya macho:
huyu alikula vitunguu, huyu hakulala kwake,
huyu alilia.
Nilinusa jasho. Nilinusa woga kidogo, kwapani
(ndiyo, woga ulikuwapo, msidanganywe na wasimulizi).
Moshi sikuunusa.
Nikatafuta kwenye pindo, kwenye mshono, ndani ya mikunjo,
hata uzi mmoja uliojikunja kwa joto.
Hakuna. Nilifua nguo safi.

Furushi la pili lilikuwa jepesi.
Ukanda wa shaba, kipande cha ndara,
na kitu ambacho karani aliniambia nisikifungue.

Labashi.
Mama yake alimpa jina hilo kama dua: nisiaibike.
Alikuwa na mabega ya kubeba lango,
na kwa mabega hayo walimchagua.
Asubuhi alikula mkate wa shayiri amesimama,
akinung'unika kwamba kamba walizopewa ni mpya,
zinakata vidole.
Hakuwachukia wale watu.
Mmoja wao aliwahi kumwandikia hati ya deni
asimtoze kitu.

Walikuwa wamelilisha tanuri tangu alfajiri,
makuti, kokwa za tende, lami ya Hiti,
mara saba, alisema bwana mkubwa, mara saba,
kana kwamba mara moja haiui.
Ulimi wa moto ukatoka mlangoni
ukamlamba aliyesukuma, ukamwacha aliyesukumwa.
Husemwa mjumbe hauawi.
Labashi alikuwa mjumbe wa hasira isiyokuwa yake.

Usiku akaja jirani, Tirsa binti Neriya, mateka wa Yuda,
na dengu katika chungu kilichomeguka mdomo.
Mtaani kwao vigelegele vilikuwa bado vinapigwa.
Yeye aliketi chini, kwenye majivu yangu,
asiseme neno mpaka dengu zikapoa.
Nikamuuliza: "Mungu wenu alijua jina lake?"
Hakujibu upesi, na kwa hilo nilimpenda.
Kisha: "Wale watatu hawakuahidiwa kitu.
Walimwambia mfalme, aweza kututoa;
asipotutoa, magoti yetu ni yale yale.
Mimi, Nuptaya, naishi ndani ya hiyo 'asipotutoa'.
Mji wangu uliungua. Wanangu wawili walikuwamo."

Alipoondoka nikakuta nywele zangu zinanuka moshi,
nami sikulikaribia tanuri.

Sasa mji mzima unahesabu:
walitupwa watatu, wakaonekana wanne,
na wa nne, wasema, alitembea kama mtu aliye nyumbani.
Nami nahesabu.
Ndani, wanne. Nje, pale mlangoni, walioanguka
hakuna aliyewahesabu.
Kama yuko Mungu aingiaye tanurini,
basi kizingiti alikipita.
Alimruka mume wangu,
au aliinama?
Hilo tu ndilo ninalotaka kujua.
Mengine nawaachia makarani na udongo wao.

Sanamu bado imesimama uwandani, yang'aa.
Zumari zikilia tena, watu wataanguka kifudifudi.
Mimi nitakuwa mferejini, magotini tayari,
nasugua kanzu ya Labashi, ile ya juzi,
aliyoivua akiwa na haraka.
Msimamizi akipita ataandika: amesujudu.
Aandike.
Mimi nina doa la mafuta ya ufuta, hapa ukosini,
halitoki,
na sina hakika nataka litoke.