Mlinzi wa Lango la Nyuma

Mimi si msomi. Nina filimbi, tochi ya betri tatu,
na koti la mvua waliloliacha wageni wa Korea.
Nalinda chuo kikuu cha walokole, hapa Masasi,
lango la nyuma, linaloangalia mikorosho.
Naswali zangu tano, wanajua.
Krismasi wananibakizia pilau, najua.

Saa nne usiku maktaba ikifungwa
wa mwaka wa pili hutoka na simu zinazomulika,
kila mtu na mti wake, wajizoeze kuhubiri.
Homiletiki, wanaiita. Nimelizoea neno kama jina la shemeji.
Mkorosho wa kwanza umeshaokoka mara sitini.
Mwana mpotevu amerudi kwao mbele yangu
mara thelathini na moja,
na ndama ni yule yule, haishi.

Nawapima, kimya kimya.
Hoja ziwe tatu, zianze kwa herufi moja:
Toba, Tumaini, Tunda.
Wapo wanaonguruma hadi mbwa wa Migongo wanaitikia.
Yupo Tadei Mchopa, hulia mahali pale pale kila usiku,
dakika ya saba.

Halafu akaja yule binti wa Lulindi, Melania Akwilombe.
Hakuwa na karatasi. Alisimama mti wa nne,
akanyamaza hata nikadhani ameona nyoka.
Kisha akasema, kwa sauti ya kuongea na mtu:

"Katika sala ile mna neno leo.
Mama yangu ana karatasi ya ghala tangu Oktoba,
kilo mia mbili na kumi, daraja la kwanza.
Chamani wanamwambia kesho.
Mimi dirishani kwa mhasibu naambiwa leo,
la sivyo sifanyi mtihani.
Bwana alitufundisha kuomba leo.
Hakusema mnada wa tatu.
Hapo ndipo nilipofika. Sijui zaidi. Amina."

Dakika nne. Tochi nilikuwa nimeiacha ikiwaka,
inamulika kiatu changu.

Darasani akayasema hayo hayo. Dokta Nakembetwa
akampa kumi na moja kwa thelathini: hakuna utangulizi,
hoja moja tu, na hiyo nayo nusu,
mwito wa toba haupo.
Alinionyesha karatasi akicheka,
kicheko cha mtu anayehesabu nauli.

Fedha za mama zilikuja Februari.
Marudio yakawa Alhamisi. Akaja na hoja tatu,
zote kwa herufi N,
akainua mkono panapotakiwa mkono,
mbwa wakaitikia.
Alipata ishirini na tano. Ni mchungaji sasa, Nanyumbu huko,
nasikia wanampenda.
Sikumlaumu. Hata mimi mshahara ukichelewa
huandika barua wanavyotaka iandikwe.

Ila alfajiri, nikiinua mikono,
nikifika penye kuomba riziki,
najikwaa kwenye neno lile.

Mti wa nne, msimu huu, tawi limevuka uzio.
Zilizoanguka upande wa barabara nimeziokota, kama kilo.
Chamani sikuzipeleka.
Nilizichoma usiku ule ule kwenye debe,
moshi ukaingia hadi maktaba,
nikabangua, nikaungua vidole,
nikala.