Herufi Iliyolowa

Anila alipanda ngazi zangu Alhamisi, mvua mabegani,
akafungua kopo la biskuti,
akatoa barua ya babu yake.
"Niandikie kwa Kiingereza," akasema,
"Kiurdu nakisikia tu, kama redio ya jirani."

Mimi, hapa Bradford, juu ya duka la vitambaa,
hutafsiri vyeti: vya kuzaliwa, vya ndoa, vya kufa.
Paundi nane kwa ukurasa,
mhuri bure.
Nikamwambia aketi, ni kazi ya dakika kumi.

Januari, mwaka wa sabini na moja.
Karamat anaandika kutoka kiwanda cha sufu
kwa Hajra, mkewe, kijijini karibu na Jhelum:
theluji imefika dirishani,
chumba kimoja wanalala sita, kwa zamu,
godoro halipati kupoa.
Roti anajipikia mwenyewe, zinakataa kuwa duara.
*Picha uliyonitumia nimeipata, wewe na mtoto.
Nimeitazama. Dil bhar*

na hapo pamelowa.

Neno la mwisho limebaki mkia: *ya*.
Kichwa chake ni doa la buluu.
Chozi, chai, kidole gumba chenye mafuta ya mashine,
sijui.

Sasa sikiliza, Anila, nikamwambia,
*dil* ni moyo, *bhar* ni kujaa,
hapo hatuna ugomvi.
Lakini kama ni *aaya*, moyo ulijaa ukaja,
ukapanda hadi kooni, ukamwagikia machoni:
mtu kaona picha, tonge likamshinda kumeza.
Na kama ni *gaya*, moyo ulijaa ukaenda:
ameshiba, amekinai,
kama mgeni anayefunika sahani kwa kiganja,
basi, inatosha, msiniongezee.
Kuja na kwenda. Kati yake pana herufi moja,
na herufi yenyewe imekunywa maji.

Nikaleta kioo cha kukuzia.
Juu ya doa pana kistari kimoja, kimelala.
Chaweza kuwa lile wimbi linalokaa juu ya alifu.
Chaweza kuwa kimoja katika viwili vya gafu,
mwenzake kaoshwa.
Nikageuza karatasi, nikaipapasa mgongoni
kama daktari apapasaye tumbo la mtoto.
Kalamu haikuacha kovu.

"Alikuwa na nyumba nyingine Halifax," akasema Anila, taratibu.
"Na watoto wawili. Tuliwaona mazishini. Wana pua yake."
Basi ni *gaya*.
"Lakini hela alituma kila mwezi, hadi anakufa."
Basi ni *aaya*.
Na bibi yako?
Bibi hakujua kusoma. Barua alisomewa na tarishi,
mlangoni, baiskeli imeegemea ukuta,
na alichotamka tarishi yule amekwenda nacho.
Bibi aliikunja mara nne, akaitia koponi,
hakuijibu, hakuichoma,
miaka arobaini na mitatu.

Nikakigeukia Kiingereza, nikakibembeleza.
Kikanipa neno la kuguswa, halina kushiba ndani yake.
Kikanipa neno la kuchoshwa, halina mapenzi yaliyotangulia;
na mtu hakinai ila alichokila kwa hamu,
hilo hata Kiingereza kingelijua
kama kingewahi kula nasi.
Mwisho kikanipa neno la ndoo,
la tangi, la basi lisilobakiza kiti:
*Moyo wangu umejaa.*
Nikaliandika. Nikagonga mhuri.

Anila akasoma wima, begi tayari begani,
akarudia kusoma.
"Umejaa nini?"

Chai yake ilikuwa imepoa, imefanya utando.
Nikamrudishia noti yake ya paundi kumi,
nikajifanya sina chenji.