Pia ya Goti

Twalibu, usinunue kwa rangi.
Ile nyeusi yenye milia ya njano, kama nyigu,
imetundikwa mlangoni ili ikuite.
Ipite. Ingia ndani mpaka kule kwenye misumari,
umwambie Somoe unataka kujaribu.
Atakunja uso: kinga ya goti ni kiatu?
Mjibu: ni kiatu. Sisi tunatembelea magoti
saa nane kwa siku, kutoka ukutani hadi mlangoni,
kinyumenyume.

Piga magoti palepale dukani.
Acha wateja wacheke. Mmoja lazima atauliza
unaposa au unatubu.
Wewe hesabu mpaka mia mbili, polepole,
kama mtu anayehesabu hela ya mwenziwe.
Ukifika themanini, sponji ya uongo itakuwa imelala,
utausikia ubaridi wa sakafu
ukibisha hodi mfupani.
Hiyo mrudishie.

Kisha simama, geuza mguu, tazama nyuma ya goti.
Mkanda umeacha mstari?
Mstari huo, saa nne asubuhi, ni mstari.
Saa tisa ni kisu.
Tafuta mkanda mpana, wa kuvutika,
mmoja juu ya goti, mmoja chini,
na usikaze kama unafunga mbuzi:
damu nayo inataka kupita
kwenda kuvisalimu vidole.

Na zile zenye ganda gumu la plastiki?
Waachie watu wa zege.
Kwetu zinateleza, na chembe moja ya mchanga
ikijificha chini yake inachora marumaru ya watu,
na marumaru ya watu unalipa wewe.
Nilikwaruza moja Shangani, mwaka ule wa mafuriko.
Nimeilipa mpaka senti ya mwisho.
Tajiri wake, nasikia, ameifunika kwa kapeti.

Mimi nilianzia kwenye maboksi,
kwa marehemu Fundi Nangumbi, kule Mikindani.
Magoti ni ya Mungu, alikuwa akisema, atakupa mengine.
Hakupewa mengine.
Miaka yake ya mwisho kazini aliikalia
juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
akituelekeza kwa kijiti.

Baada ya maboksi, ndala kuukuu
zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Baada ya ndala, Mwanahawa akakata kona ya godoro letu,
akaishonea kitenge,
nikaivaa ndoa yangu magotini msimu mzima
mpaka maji ya saruji yakapenya, yakaganda,
nikawa natembelea matofali mawili
ya kujitakia.

Pia ya goti, ndivyo wanavyoiita. Pia,
kama ile tuliyoizungusha kwa kamba uwanjani
tukigombana ya nani itaanguka mwisho.
Yangu ya kushoto haizunguki tena.
Nikiinuka inasema *ta!*
kama korosho ikibanguliwa.
Ijumaa naswali kwenye kiti, safu ya nyuma,
na watoto wananiamkia kwa heshima ya babu.
Nina miaka arobaini na mitatu.

Basi. Mnada umelipa, simu haitulii.
Naliendele, Chuno, na yule bwana wa Tandahimba
anayetaka sebule, baraza na choo
kabla ya harusi ya bintiye.
Wenye mikorosho mwaka huu
wanataka sakafu za kujitazamia uso.

Shika hii elfu arobaini.
Zipo za kijivu, jeli katikati, sponji pembeni,
nyepesi, kitambaa chake kinavuka kikafuliwa.
Usione haya kuomba upunguziwe.
Jozi moja, nimesema. Na usiulize saizi yangu,
pima kwa goti lako.

Mimi ndoo nimeshaiona, ipo stoo,
ile ya lita ishirini.
Juzi nilipokuwa peke yangu niliipindua,
nikaikalia, nikahesabu mpaka mia mbili.
Inanienea.