Kivuli cha Saa Nane

Walinipa kipande cha ufuko, hatua kumi na moja kwa tisa,
kati ya gati la kivuko cha Kamanga na mtaro unaonuka,
na barua yenye mhuri: kibanda cha kupumzikia wananchi,
chenye mvuto.
Bajeti ilikuwa na tarakimu. Mvuto haukuwa nazo.

Kikaoni diwani alitaka sangara wa saruji,
mdomo wazi, watu wakae tumboni.
Nikasema, mheshimiwa, huyo tumeshamla hadi mapanki,
tumwache na yeye apumzike.
Wakacheka wote isipokuwa diwani
na mhasibu, ambaye alikuwa anahesabu saruji.

Nikapanda kwangu Isamilo, nikakata boksi la sabuni.
Paa la kwanza likafanana na kofia ya mgambo.
La pili, sahani iliyoangushwa na mtoto.
La tatu lilisimama usiku kucha; asubuhi nikakuta
paka amelilalia.
Nikaandika daftarini: linabeba paka.

Mawe ya mji huu hayakusubiri kibali.
Moja juu ya jingine, kwa ncha,
kama mtu aliyepanda kuchungulia akasahau kushuka.
Nilitaka paa langu liwe hivyo, lielee, liogopeshe kidogo.
Lakini jiwe lina uzito wa kulikalisha
na chuma kina upepo wa ziwa wa kukiinua.
Chuma kinauliza: upande ule mwingine, nani ananishika?

Mafuru, mchomeleaji wa Mabatini,
akaugeuza mchoro wangu juu chini, akaugongagonga na penseli:
Hivi ndivyo kitasimama, injinia.
Mimi si injinia. Na alikuwa sahihi.
Yote mawili yananiuma mpaka leo.

Nikiwa huko huko Mabatini, nikitafuta kokoto,
nikamkuta Holo, nyundo mkononi, vidole vimefungwa mpira wa baiskeli.
Alikuwa ametundika salfeti kwenye vijiti viwili.
Sikuelewa: salfeti huku, yeye kule,
hatua mbili pembeni, amekaa peupe kabisa,
na bado amekaa kivulini.
Nikasimama nikitazama jua, salfeti, mgongo wake.
Hakunifundisha kitu. Aliniuliza
kama nanunua ndoo au naangalia tu.
Nikanunua ndoo sita.

Usiku ule nilifuta benchi lililokuwa chini ya paa.
Nikalihamishia upande wa mjini, nje, hatua mbili na nusu,
pale paa litakapoliangukia saa nane mchana,
saa ambayo kivuko kinachelewa
na lami ya barabara inashika kandambili.

Masika ziwa likapanda, likala ukingo wa kiwanja,
likatuachia magugumaji na soli ya kiatu.
Tukaongeza nguzo futi mbili. Tukapunguza taa.
Bamba la shaba lenye majina ya viongozi
likakosa fedha; hilo sikulilia.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi.
Akatazama paa, akatazama benchi linaloungua peke yake,
akaandika kwa kalamu nyekundu: kiti kimekosana na paa.
Nikamsihi angoje hadi mchana.
Alikuwa na kikao.

Nikangoja mimi.
Kivuli kilitoka majini taratibu, kikapita sakafuni
kama maji ya kudeki, kikapanda mguu wa benchi.
Akaja mama wa Sengerema, bahasha ya eksirei ya Bugando kwapani,
mtoto mgongoni, tiketi imekunjwa kwenye ncha ya khanga.
Akapapasa benchi kwa kiganja, akaona limepoa,
akakaa. Akavua kiatu kimoja.

Hakuinua macho kulitazama paa,
miezi kumi na minne ya maisha yangu.
Juu yake korongo mfukoshingo, mwenye kipara,
alikuwa ameshaanza kulipaka chokaa.