Mayai ya Honorina

Nililinunua kwa Evelio, daktari wa mifugo,
siku magoti yake yalipostaafu:
Seat ya mwaka sabini na nne, rangi ya maziwa yaliyolala,
viti vingali vikinuka dawa ya ndama.
Tulipeana mkono. Hakusema neno juu ya kona.

Na Asturias ni kona.
Kutoka kwetu hadi sokoni Tineo nimezihesabu,
mia moja na kumi na tatu,
na katika kila moja gari lilijilaza ubavu
kama ng'ombe anayetafuta pa kuzalia.
Mama kiti cha mbele, trei ya mayai mapajani,
mkono wa kulia juu, umeng'ang'ania mpini wa dari.
Hasemi. Anavuta pumzi kwenye kona ya kanisa,
anaitoa darajani.

Binamu yangu Xuacu, mwenye msumeno wa umeme
na jibu la kila kitu, akasema: Kata springi.
Mizunguko miwili tu. Gari likikaa chini litatii.

Nikakata. Simsingizii, mkono ulikuwa wangu.
Likainama, zuri kama paka anayenyemelea,
likaipita kona ya kanisa wima, kama treni.
Halafu vikaja viraka vya lami,
na kila kishimo kikapanda kutoka tairini hadi kwenye meno.
Sokoni Mama akafunua kitambaa,
akahesabu kwa sauti, karani wa mgodi tangu ujana wake:
kumi na tisa. Yalikuwa thelathini.
"Zamani lilikuwa linalala," akasema. "Sasa linapiga."

Basi majira yote ya baridi, karakana ya mjomba Selmo.
Mchana nakusanya maziwa ya watu kwa lori,
usiku niko chini ya gari, tochi mdomoni.
Bushi zilitoka vipande vipande, kama ganda la mkate mkavu.
Shokomzoba ya nyuma niliisukuma kwa kiganja:
ikazama, haikurudi.
Ilikuwa maiti tangu Evelio ana nywele.

Selmo hapendi kufundisha. Hulalamika, nawe unajifunza.
Springi kazi yake kubeba, akanung'unika.
Shokomzoba kazi yake kuisahaulisha springi
ilichokibeba.
Ukizichanganya kazi hizo mbili
unapata ndoa ya dada yangu.

Dada yake ndiye mama yangu.
Nikanyamaza, nikakaza nati.

Springi mpya, ngumu kidogo kuliko za kiwandani,
fupi kwa upana wa kidole, si zaidi.
Shokomzoba nne kutoka Oviedo, kwa mkopo wa miezi sita.
Mbele, chuma kinene cha kuunganisha gurudumu na gurudumu,
ili moja likielemewa
lingine lisijifanye halijui.
Nilipotaka kumalizia bushi gari likiwa bado juu ya jeki,
Selmo akanipiga kofi la mkono:
Lishushe kwanza. Lisimame kwa miguu yake.
Ukikaza likining'inia, mpira unajifunza uongo,
na utausema uongo huo barabara nzima.

Aprili. Theluji imebaki milimani tu, kama chumvi iliyosahauliwa mezani.
Mama akaingia, akapanga kitambaa, akaniangalia
jinsi mtu anavyomwangalia daktari wa meno.

Kona ya kanisa.
Gari likaegemea, ndiyo, kidogo,
kama mtu anayesikiliza,
likatulia hapo, likatoka.
Viraka vikapita chini yetu, vya jirani, si vyetu.
Usione latulia: limefungwa bolti kwa bolti,
na vidole vyangu viwili bado havina kucha.

Mkono wa Mama ulipanda wenyewe, kwa mazoea ya miaka,
ukaukuta mpini, ukaugusa,
haukujua uushikie nini.
Ukashuka, ukatua juu ya mayai.

Thelathini.
Aliyahesabu mara mbili, mara ya pili kwa hasira kidogo.

Wakati wa kurudi trei ilikuwa tupu.
Tulipolivuka daraja akakitupa kitambaa kiti cha nyuma,
akafungua dirisha.
"Kanyaga," akasema.