Sigara Moja, Mia Mbili

Televisheni niliileta mwenyewe,
nikaipandisha juu ya friji ya soda,
nikaifunga kwa waya wa kuanikia nguo isije ikaanguka.
Biashara ni kuvuta watu. Nilisema hivyo,
nikacheka peke yangu: kuvuta.

Igombe jioni hakuna pa kwenda.
Dagaa wamekwisha kuanuliwa,
injini za mitumbwi zinajaribiwa, zinakohoa, zinazimika,
na watoto wanakuja, wanakaa kwenye makreti,
magamba bado yamewaganda miguuni.
Siwatozi. Mtoto akikaa, baba atamfuata,
na baba hatakunywa maji.

Filamu ile ilikuwa na mtu mmoja,
jina lake sikulishika. Koti refu, mvua,
maadui watano mlangoni, naye hana haraka:
anatoa kiberiti kwanza.
Mfasiri anapayuka juu ya sauti zao zote,
"Mtazame mwamba! Anawasha kwanza, kifo baadaye!"
Moshi ukapanda polepole, muziki ukapanda nao,
na huku chini maandishi meupe yakapita mbio
yakisema uvutaji ni hatari kwa afya,
madogo kama mayai ya chawa.
Nani ayasome? Macho yangu mwenyewe hayafiki.

Lusotola, mtoto wa Bugumba, ana miaka kumi na moja.
Siku ya pili nikamwona na ganda la kalamu,
ile ya bluu, wino umekwisha.
Siku ya tatu, kipande cha chaki,
anakung'uta jivu ambalo halipo
kwa kidole kimoja, taratibu,
kama mtu anayedai dunia nzima.
Jicho la kushoto kalifinya.
Nilicheka. Niandikieni na hilo: nilicheka.

Siku ya tano akaweka sarafu juu ya kaunta.
"Moja. Ya baba."

Baba yake ni Msabato.
Hata chai ya rangi hanywi yule,
Jumamosi hagusi nyavu hata ziwa litapike sangara.
Nilijua. Mkono wangu nao ulijua,
ukaenda kwenye pakiti, ukachomoa moja, ukampa.
Mia mbili.
Hakuna aliyenishika mkono.

Akarudi kesho yake. Imebaki zaidi ya nusu,
ameifunga kwenye karatasi ya daftari la hesabu,
macho mekundu, anataka hela yake.
"Imeharibika hii."
"Imeharibika vipi?"
"Inakohoza. Yule wa kwenye tivii hakohoi."

Nikatazama kule kwenye matanuri:
mama yake, Nyanzobe, kainama juu ya sangara,
miaka yote hii anafukizwa pamoja nao,
pembe ya khanga mdomoni,
anakohoa mpaka anashika kiuno.
Ndani ya moshi ule Lusotola amezaliwa
na hajawahi hata siku moja kuuiga.
Hauna muziki.
Hakuna anayemwita mama yake mwamba.

Nikamrudishia mia mbili. Nikampa na pipi ya kijiti,
sijui kwa nini pipi.
Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini
na pakiti zimejipanga nyuma ya kichwa changu,
na kule juu ya friji mtu mwingine, koti jingine,
anapapasa mifuko?
Nikachomoa plagi.
Makreti yakalalamika. "Mama Kwandu! Umeme?"
"Umekatika," nikasema,
na taa inawaka.

Wakatoka nje. Ziwani usubi ulikuwa umeinuka,
nguzo tatu, nne, nyeusi, zinapinda kuelekea Kayenze.
"Ziwa linavuta!" mmoja akapiga kelele.
Lusotola akapanda juu ya jiwe,
kijiti cheupe kimechomoza mdomoni,
akakitoa kwa vidole viwili,
jicho la kushoto akalifinya,
akalipulizia ziwa.