Jina la Mwenye Mali

Kwetu Toyama baiskeli haiibwi ikasahaulika hivi hivi.
Kila moja ina kibandiko cha njano chini ya kiti,
kibandiko kina namba, na nyuma ya namba, jina.
Mwaka wangu wa kwanza wa upolisi
sajini Kurosaki alinifunza kuinama na kurunzi:
"Leo mwizi wa baiskeli, kesho mwizi wa nini?"
Hakungoja jibu. Alikuwa anakula tambi.

Basi nikainama.
Nikasimamisha wanafunzi, walevi wa treni ya mwisho,
muuguzi mmoja aliyelia
kwa usingizi, si kwa hatia.

Mwezi wa pili, theluji ya majimaji,
akaja mzee, taa haiwaki,
baiskeli ya kike, ya zambarau,
kikapuni figili moja nyeupe, ndefu kama mkono.
Nikaisoma namba. Redio ikakohoa, ikajibu:
"Mwenye mali, Kuwabara Fumie. Mwanamke."
"Fumie ni wewe?"
Swali la kijinga, lakini utaratibu unalitaka.
"Mke wangu."
"Tumpigie simu, athibitishe."
"Piga," akasema. "Mimi nilipiga
mpaka kampuni ikaifunga namba."

Nikamweleza, kwa adabu yote niliyofunzwa,
kwamba kuna fomu, kuna ada ndogo,
jina hubadilishwa kwa dakika kumi
na hatasumbuliwa tena barabarani.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa auze jino lililo kinywani.
"Taa," akasema, "nitaitengeneza."

Hakuitengeneza.

Usiku mmoja wa zamu, mji umelala,
nikalifunua daftari la kituo:
Kuwabara Fumie. Kuwabara Fumie. Kuwabara Fumie.
Mara kumi na moja tangu majani yapukutike,
kwa mwandiko wa watu watano.
Na nyumba yake iko ng'ambo ya mto,
na soko la figili liko huko huko ng'ambo.
Kupita mbele yetu hakumfikishi popote.

"Mzee mkaidi," alisema Kurosaki, "mpige faini."
Nikanyamaza. Ningemwambiaje?
Kwamba nyumbani hakuna tena wa kulitamka;
tumebaki sisi na redio yetu mbovu,
jina zima, kwa sauti, katikati ya baridi,
kana kwamba bado ana mali,
kana kwamba tukimwita atakuja kuichukua,
aone aibu kidogo, ashukuru, ainame.

Jana nimemsimamisha tena.
Taa ilikuwa inawaka. Mpya, kali, ilinichoma macho.
Sababu ya kumsimamisha sikuwa nayo
na yeye hakuniuliza.
Nikainama na kurunzi yangu.
Namba naijua kama ya nyumbani kwetu;
nikaisoma polepole, tarakimu moja moja,
redio nimeifungua mpaka mwisho.
Mzee akavuta kofia ya sufu,
akaliacha wazi sikio moja.